Uraia wa nondo ya kobalti

Kila nondo inayoingia karakana yetu huja na karatasi zake. Karatasi husomwa kwanza, nondo hufuata. Zikikosekana, au namba iliyo kwenye cheti ikitofautiana hata kwa tarakimu moja na namba iliyogongwa kwenye kichwa cha nondo, mzigo wote hufungiwa kwenye kizimba cha waya mpaka kiwanda kilichoutengeneza kitoe majibu. Metali yenyewe inaweza kuwa nzima kabisa, lakini bila karatasi haina pa kwenda.

Mimi ni fundi wa kukereza metali, Indiana, Marekani. Nilizaliwa Kalemie, Kongo, nikakulia kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na huku nililetwa na mpango wa kuwahamishia wakimbizi nchi ya tatu. Ufundi nilijifunza Ivy Tech, chuo cha jimbo hili, nikisoma jioni baada ya kutoka kazi ya ghala. Karakana tuliyopo si kubwa. Tunakata bushi, vali, ringi na pini kwa ajili ya viwanda vya kemikali, mitambo ya gesi ya kufua umeme, na injini za ndege, za abiria na za jeshi. Metali yetu nyingi hutoka Kokomo, mji wa hapahapa Indiana, kwa kampuni iitwayo Haynes International. Leo nataka kuieleza kampuni hiyo na bidhaa zake, maana wengi wanaoniuliza habari za kobalti, wawe ndugu zangu wa Kalemie na Lubumbashi au rafiki zangu wa Kasulu, huzungumza kana kwamba safari yake inaanzia shimoni na kuishia kwenye betri ya simu. Mimi naishika kila siku mahali pengine kabisa.

Tuanze na Haynes 25, nondo ninayoikata kuliko zote. Nusu ya uzito wake ni kobalti. Asilimia 20 ni kromi, 15 ni tangsteni, 10 ni nikeli, na kilichobaki ni manganizi, chuma kidogo na kaboni kidogo zaidi. Ukiiinua unahisi mara moja kwamba ni nzito kuliko chuma cha ukubwa uleule. Haishiki kutu. Ukiitia motoni mpaka nyuzi 980 za Selsiasi, joto ambalo chuma cha kawaida kingekuwa kinabanduka magamba, yenyewe hutulia. Haianzi kuyeyuka mpaka ipite nyuzi 1,300. Vitu viwili vya metali vikisuguana kwenye joto kali bila mafuta ya kulainisha, kwa kawaida hushikana na kung'oana. Bushi ya Haynes 25 huvumilia msuguano wa namna hiyo kwa muda mrefu, na ndiyo maana wenye injini huilipia.

Ndugu yake ni Haynes 188. Hii ina kobalti kama asilimia 39, kromi na nikeli 22 kila moja, tangsteni 14, na lanthani asilimia 0.03. Hiyo lanthani ni chembe tu, lakini ndiyo inayolifanya ganda jembamba la oksaidi juu ya metali liing'ang'anie badala ya kubanduka kila injini inapopata joto na kupoa. Haynes 188 hukunjwa kutoka kwenye bati na kuwa chumba cha kuchomea mafuta ndani ya injini ya ndege, au sehemu za nyuma za injini ya kivita, pale mafuta yanapowashwa mara ya pili ili ndege ipate nguvu ya ziada.

Jambo lililonishangaza nilipoanza kazi hii ni kwamba aloi (yaani mchanganyiko wa metali) ya Haynes 25, ambayo wengine huiita L-605, hutumika pia hospitalini. Vile vibomba vidogo vya wavu vinavyowekwa ndani ya mshipa wa moyo ulioziba ili ubaki wazi, vingi hutengenezwa kwa aloi hiyo. Ni mchanganyiko uleule wa kobalti, kromi, tangsteni na nikeli, ukivutwa kuwa bomba jembamba na kukatwa kwa leza.

Kuikata kunataka subira. Chuma laini nakikata kwa kasi ya mita 200 kwa dakika bila wasiwasi. Haynes 25 naipeleka kwa mita 20 hivi. Jambo ambalo kila fundi mgeni hufundishwa mapema ni kwamba kisu kisiisugue bila kuikata. Kisu kikisimama mahali pamoja, au kikiwa butu kikaanza kuteleza, ngozi ya metali inakuwa ngumu papo hapo, na mzunguko unaofuata unavunja ncha ya kabaidi. Kwa hiyo unaingia kwa kina, unatembea bila kusita, na maji ya kupozea yanamwagika kwa nguvu pale pale kisu kinapogusa. Mimi huisikiliza zaidi ya kuitazama. Kisu kizima kinatoa mlio mzito wa chini. Mlio ukianza kupanda na kuwa mwembamba, ncha imekwisha hata kama mita ya mashine bado haijasema chochote.

Nyuzi za metali zinazotoka kwenye kisu hukatwa vipande vifupi na kuanguka kwenye pipa lake, lenye jina la aloi. Hazichanganywi na za aloi nyingine kamwe, kwa sababu huuzwa tena na kurudi tanuruni, na pipa la kobalti lililochafuliwa kwa chuma cha kawaida hushuka bei vibaya. Tukinoa au kusaga kavu tunavaa barakoa yenye kichujio. Vumbi la kobalti likiingia kwenye mapafu huyaharibu polepole. Kila ninapovaa barakoa ile nawakumbuka wachimbaji wadogo wa Kolwezi, kule Kongo, wanaobeba viroba vya mawe ya kobalti mgongoni bila hata kitambaa puani, na sioni sababu yoyote ya pumzi yangu kulindwa zaidi ya yao isipokuwa mahali tulipo.

Na kuna kugonga namba. Kila nondo ina namba ya myeyusho, yaani namba ya ile siku na lile tanuru ilikopikwa pamoja na nyingine za kundi lake. Nikitaka kukata kipande cha sentimita 10, nagonga kwanza namba ile kwenye upande utakaobaki. Nikikata kabla ya kugonga, na kichwa chenye namba kikaondoka na kipande, nondo inayobaki imekuwa yatima. Inawezekana kuipima kwa bastola ya eksirei, kifaa cha mkononi kinachotambua metali, na kuthibitisha kwamba ni Haynes 25, lakini bastola haiwezi kusema ilipikwa lini, na nani, wala ilivutwa kwenye mashine ya majaribio ikakatikia uzito gani. Kwenye injini ya ndege hayo ndiyo yanayotakiwa kujulikana. Bushi ikivunjika baada ya miaka kumi, mkaguzi anatakiwa aweze kurudi nyuma mpaka kwenye tanuru.

Tanuru hilo liko Kokomo, na habari yake ni ndefu. Elwood Haynes alizaliwa mwaka 1857 kwenye mji mdogo wa Portland, Indiana. Alisomea kemia na metali, akafundisha shule, kisha akasimamia mabomba ya gesi asilia iliyokuwa imegunduliwa kwa wingi katika jimbo hili. Wakazi wengi wa Kokomo wanamkumbuka kwa gari. Tarehe 4 Julai 1894 aliendesha gari la petroli lililotengenezwa na ndugu wawili mafundi, akina Apperson, kwenye barabara ya Pumpkinvine nje ya mji, na gari hilo sasa lipo kwenye makumbusho ya Smithsonian. Mimi namheshimu zaidi kwa yale aliyoyafanya chumbani kwake na tanuru dogo. Alikuwa anatafuta metali ya visu isiyopoteza mng'aro, akawa anachanganya nikeli na kromi, kobalti na kromi, na mwaka 1907 akapata hataza. Baadaye aliongeza tangsteni na molibdeni, akapata metali iliyoweza kukata chuma ikiwa imewaka moto mwekundu bila kulainika. Akaiita Stellite. Mwaka 1912 akafungua kiwanda Kokomo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, visu vya Stellite vilitakiwa kila mahali kwa sababu viliharakisha ukataji wa makombora. Tangu miaka yake ya mwanzo kabisa, basi, kampuni hii imekuwa na mguu mmoja kwenye viwanda vya kawaida na mwingine kwenye vita.

Haynes aliuza kiwanda chake kwa kampuni ya Union Carbide mwaka 1920, akafariki 1925. Vita ya Pili ya Dunia ilipokuja, ndege za Marekani kama B-17 zilihitaji mashine za kusukuma hewa ndani ya injini ziweze kuruka juu sana, na mashine hizo ziliendeshwa na moshi wa moto wa injini yenyewe. Vijembe vyake vilizunguka ndani ya moshi huo kwa kasi kubwa, na vingi vilimiminwa kwa aloi za kobalti za Haynes. Injini za jeti zilipofuata, elimu ile ilikuwa tayari ipo. Wamiliki wamebadilika tangu hapo. Kampuni ya Cabot iliinunua mwaka 1970, baadaye ikasimama yenyewe, mwaka 2004 ikaingia kwenye ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai na kutoka mwaka huohuo, na Novemba 2024 ikanunuliwa na Acerinox ya Hispania kwa dola milioni 970 hivi. Lakini tanuru halijahama Kokomo.

Hapo mwanzo kobalti ya Haynes ilitoka Kanada, jimbo la Ontario. Kuanzia miaka ya 1920 Katanga, kusini mwa Kongo, ikachukua nafasi ya kwanza duniani. Ilikuwa kampuni ya Wabelgiji, Union Minière, iliyochimba na kusafisha, na baada ya mali yake kutaifishwa mwaka 1967 ikaja ile tunayoijua kama Gécamines. Metali ya kobalti ilisafishwa hukohuko, Shituru mjini Likasi na Luilu pale Kolwezi. Mwaka 1978, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ilikuwa inatoa karibu nusu ya kobalti yote ya dunia.

Mwezi wa Mei mwaka huo, tarehe 13, wapiganaji waliotokea Angola waliingia Kolwezi. Mamia ya raia waliuawa, Wakongo na Wazungu. Tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakashuka. Wageni waliokuwa wanaendesha sehemu kubwa ya mitambo waliondoka, na migodi ikasimama. Bei rasmi ya kobalti, iliyokuwa chini ya dola 7 kwa ratili kabla ya hapo, ilifika dola 25 mwanzoni mwa 1979, na madalali waliuza kwa zaidi. Mafundi wazee wa hapa Indiana bado wanaikumbuka hofu ile. Mmoja, ambaye sasa amestaafu, aliniambia kwamba kabla ya mwaka huo hakuwahi kulisikia jina la Kolwezi, na kuanzia hapo alilisikia kila wiki. NASA walianzisha mradi maalumu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakiwa Cleveland, wa kutafuta namna ya kupunguza kobalti kwenye metali za injini. Katika miaka hiyohiyo Haynes walitoa aloi namba 230, ambayo msingi wake ni nikeli. Ukisoma vitabu vya metali utaona mwaka 1978 umetajwa kama somo kuhusu hatari ya kutegemea nchi moja. Watu wa Kolwezi wenyewe hawatajwi sana kwenye vitabu hivyo.

Baba mdogo alikuwa kazini Likasi miaka hiyo, upande wa kobalti. Sasa anaishi Lubumbashi, mzee, na macho yamepungua nguvu ila kumbukumbu iko wima. Simu haziruhusiwi ndani ya karakana yetu, tunaziacha kabatini, wala picha hazipigwi, kwa hiyo nilimwelezea nondo kwa maneno. Akaniuliza inang'aa vipi ikikatwa. Akauliza inalia vipi. Kisha akauliza lile nililokuwa nalisubiri.

"Sasa hiyo kobalti yenu, mwanangu, mnaitoa wapi?"

"Cheti hakisemi, baba mdogo. Kinasema tu imeyeyushwa Marekani."

"Sisi tulikuwa tunaibandua kwenye mabamba, tunaivunja vipande, tunaijaza kwenye mapipa. Pipa likishafungwa na kupigwa muhuri, kwetu limekwisha. Nilidhani huko liendako wanaandika limetoka kwetu."

Sikuwa na la kumfariji, kwa hiyo nilimweleza sheria ilivyo, na nitaieleza hapa pia kwa sababu ndiyo kiini cha ninachotaka kusema.

Marekani ina sheria ya tangu 1941 inayolitaka jeshi linunue vitu fulani vilivyotengenezwa ndani ya nchi, kama nguo na chakula. Mwaka 1972 ziliongezwa zile zinazoitwa metali maalumu: vyuma vya aloi vya aina fulani, titani, zirkoni, na aloi za nikeli au kobalti ambazo metali nyingine zilizochanganywa ndani yake, ukiacha chuma, zinapita asilimia 10. Haynes 25 inaingia humo moja kwa moja. Kifaa cha ndege ya kivita, cha kombora, cha meli, cha kifaru, kikiwa na metali hiyo, lazima metali iwe imeyeyushwa au kuzalishwa Marekani, au katika nchi rafiki zilizoorodheshwa. Neno linalobeba sheria yote ni hilo la kuyeyushwa. Sheria hiyo haiulizi shimo. Kobalti inaweza kuwa imetoka popote, lakini ikiingia tanuruni Kokomo na kupikwa pamoja na kromi na tangsteni, inatoka ikiwa na uraia wa Marekani. Karatasi nilizozitaja mwanzo ndizo pasipoti yake.

Na sheria hii si ya mapambo. Septemba 2022 jeshi la Marekani lilisimamisha kupokea ndege mpya za F-35 kwa sababu iligundulika kwamba sumaku moja, ndani ya pampu, ilikuwa na aloi ya kobalti na metali iitwayo samari, iliyotengenezwa China. Sumaku haikuwa mbovu, na ndege ziliruka vizuri. Ilibidi kiongozi wa wizara ya ulinzi asaini ruhusa maalumu mwezi uliofuata ndipo upokeaji ukaendelea.

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo mwenye jiko ndiye mwenye mtoto." Nimeitafakari kauli hiyo mara nyingi. Nilichokuja kukiamini ni hiki: sheria imeshika jambo la kweli, hata kama inatuuma. Metali ya injini haipatikani kwa kuchimba. Mawe ya Katanga yana kobalti asilimia chache tu. Hata kobalti safi kabisa, ile iliyobanduliwa na akina baba mdogo, ukiitengeneza bushi peke yake haitafaa kwa kazi hii. Kinachoifanya ifae ni mapishi, na mapishi hayo yana hatua nyingi. Malighafi hupimwa, huyeyushwa kwa umeme, kaboni hupunguzwa kwa kupuliza gesi za agoni na oksijeni ndani ya myeyusho, kisha bonge lililoganda huyeyushwa mara ya pili tone kwa tone kupitia slagi, tabaka la moto linalonasa uchafu, ili uchafu huo ubaki nyuma. Ndipo hufuliwa, huviringishwa, huchomwa tena na kupozwa ghafla. Kila kundi hukatwa vipande vya majaribio. Vingine huvutwa mpaka vikatike. Vingine huning'inizwa uzito ndani ya tanuru na kuachwa maelfu ya saa, kuona vinarefuka kiasi gani. Majedwali ya majaribio hayo ndiyo mali halisi ya kampuni kama Haynes. Mtengeneza injini hanunui kobalti. Ananunua uhakika kwamba baada ya saa elfu moja kwenye joto lile kipande hakitakuwa kimerefuka zaidi ya kiasi kilichoandikwa.

Hapa lazima niseme jambo ambalo watu wangu huniuliza kwa sauti ya chini: wewe uliyekimbia vita, mbona unatengeneza vitu vya jeshi?

Nilipoajiriwa, meneja alinieleza kwamba michoro ya sehemu za kijeshi haiwezi kuonwa na kila mtu. Wanaoruhusiwa ni raia wa Marekani, wenye ukaazi wa kudumu, na wakimbizi waliopokewa rasmi. Alinionyesha kipengele chenyewe. Mkimbizi, mtu aliyefika na begi moja la plastiki lenye nembo ya shirika lililomsafirisha, anahesabiwa na sheria hiyo kuwa mtu wa ndani. Nilikaa kimya kwa muda. Sijawahi kuhesabiwa mtu wa ndani na karatasi yoyote kabla ya hapo, na karatasi ya kwanza kunihesabu hivyo ilikuwa ya mambo ya silaha.

Nilimuuliza meneja kama tunatengeneza mabomu. Akasema hapana, ni sehemu za injini na vali. Nilikubali kazi. Sijidanganyi kwamba injini ya ndege ya kivita haina uhusiano na bomu linaloning'inia chini ya bawa lake. Ninajua pia kwamba nondo ileile, wiki inayofuata, inakatwa vali kwa ajili ya kiwanda cha kemikali. Kama ningekuwa na uwezo wa kuchagua, ningekata hizo tu. Kuna siku kazi ya jeshi inaletwa kwenye mashine yangu na ninaifanya kwa usahihi uleule, na jioni namwombea rubani, nawaombea na walio chini yake. Mke wangu anasema hilo si jibu. Anasema kweli, na bado sina jibu jingine. Ninachoweza kufanya ni kutolificha.

Nirudi kwenye kobalti. Leo Kongo inatoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani, fungu kubwa kuliko lile la 1978. Lakini nyingi haiondoki tena kama metali. Huondoka kama hidroksidi, unga mbichi, ikielekea China kusafishwa, na sehemu kubwa huishia kwenye betri. Viwanda vya aloi hutaka metali safi kabisa, na wanaoiuzia Marekani kwa wingi wako Norway, Finland, Kanada, Japani. Maana yake ni kwamba nondo ninayoikata leo ina uwezekano mdogo wa kuwa na kobalti ya Katanga kuliko nondo ya wakati wa baba mdogo. Tumezalisha zaidi, na tumerudi nyuma hatua moja kwenye safari yake. Hilo ndilo linaloniuma kuliko habari ya uraia.

Februari 2025 serikali ya Kinshasa ilisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu bei ilikuwa imeanguka mno, na kuanzia Oktoba 16 mwaka huo ikaweka mgao: tani 96,600 kwa mwaka 2026, na kiasi hichohicho 2027. Bei ilipanda. Nimeona watu wakishangilia kwenye makundi yetu ya WhatsApp, na ninaelewa kwa nini. Lakini mgao ni bomba la mlangoni, unafungua na kufunga. Haujengi tanuru, wala haumfundishi mtu yeyote kusoma jedwali la majaribio. Kwa upande wa Tanzania, Kabanga kule Ngara kuna nikeli nyingi yenye shaba na kobalti ndani yake, na mpango uliotangazwa awali ulikuwa kusafisha metali Kahama badala ya kusafirisha mawe. Naufuatilia mpango huo kwa hamu kuliko habari yoyote ya uchimbaji. Nikiwaona vijana wa Kahama wamevaa koti la maabara wakipima nikeli iliyosafishwa palepale, nitaamini tumeanza.

Sisemi kwamba kesho tutapika Haynes 188 Likasi. Kokomo imefanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka mia. Ila hatua za mwanzo zinajulikana, na hazihitaji miujiza: kusafisha mpaka metali, maabara inayoaminika na watu wa nje, mafundi wanaojua kwamba namba hugongwa kabla ya kukata. Aloi za kuvumilia msuguano, zile za vali za pampu na meno ya mashine za migodini, hazina masharti makali kama za injini za ndege, na migodi ya Katanga yenyewe huzitumia. Mimi ningeanzia hapo, kwa mteja aliye mlango wa jirani.

Mpwa wangu anasomea metali Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Haynes huweka wazi vijitabu vya aloi zao, vyenye michanganyiko, nguvu na majedwali ya joto, kwa yeyote anayetaka kusoma, nami nilimtumia cha 25 na cha 188. Nilitegemea aniulize habari za mishahara ya huku. Aliandika kuuliza ni mashine gani inayoweza kuthibitisha asilimia 0.03 ya lanthani, maana ile ya eksirei waliyoonyeshwa darasani haioni kiasi kidogo hivyo. Nilimjibu kwamba yuko sahihi, bastola yetu nayo haioni. Sampuli huyeyushwa kwenye asidi na kupulizwa ndani ya plazma ya agoni, yaani gesi iliyochemka mpaka inawaka, kisha mwanga wake husomwa rangi kwa rangi. Sasa anatafuta ni nani Lubumbashi mwenye mashine hiyo, na kama atamruhusu aitumie.